Maua yanayotambaa: namna ya kufunika uwanja wa nyumbani

Ukipita Goba au Kimara, Dar es Salaam, alfajiri, karibu kila nyumba utasikia fagio la chelewa. Uwanja unafagiliwa mpaka unabaki na mistari ya fagio, hauna jani wala ukoka. Ni usafi tuliolelewa nao na ninauheshimu. Lakini masika yakiingia, maji yanateremka mlimani na hayakuti chochote cha kuyashika, yanaondoka na udongo. Kwetu, masika ya pili tangu tuhamie, ngazi ya mlango wa nyuma ilibaki inaning'inia. Udongo ulikuwa umeshuka vidole vinne chini ya zege, na mizizi ya mwembe imetokeza nje kama mishipa kwenye mkono wa mzee.

Tulianza kufunika ardhi kwa maua mwaka huohuo. Haya ninayoandika nimeyapata kwenye kiwanja hicho chenye mteremko na mchanga, na kwenye nyanja za ndugu na majirani waliokuja kuomba mbegu. Uwanja wako ukiwa tambarare au wa mfinyanzi, hatua ni zilezile, kinachobadilika ni ua lipi liende wapi.

Kwanza, usinunue kitu

Kosa la wengi ni kuanzia kwa muuza miche wa kando ya barabara. Unaona viriba vimepangwa, rangi zinavutia, unabeba kumi. Ukifika nyumbani ndipo unatafuta pa kuviweka. Ua linalotaka jua la kutwa linaishia chini ya mwembe, na baada ya miezi miwili unasema huna mkono wa bustani.

Chukua siku moja ya mapumziko. Toka nje saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, na kila mara chora mpaka wa kivuli kwa kijiti au kwa majivu. Jioni utaona mwenyewe: hapa jua kutwa nzima, hapa jua la asubuhi tu, hapa kivuli muda wote. Kumbuka kuwa kwetu pwani jua huhama. Mwezi wa sita linapita upande wa kaskazini na ukuta wa kusini unabaki kwenye kivuli. Ifikapo Desemba limehamia kusini, na ukuta uleule unachomwa. Kwa hiyo ukipima Juni, usiamini kuwa upande wa kusini ni wa kivuli mwaka mzima.

Mvua ikinyesha, toka tena. Angalia maji ya bati yanadondokea wapi, yanakimbilia wapi, yanatuama wapi. Mahali yanapodondokea kutoka kwenye paa hapashiki ua lolote changa, kwa hiyo panahitaji changarawe au mtaro. Mahali yanapotuama zaidi ya siku moja, maua mengi ya orodha hii yataoza. Na mahali yanapokimbia ndipo unapoyahitaji maua haya kuliko kokote.

Lipi liende wapi

Ningeruhusiwa ua moja tu, ningechukua karanga ya mapambo, ambayo wataalamu huiita Arachis pintoi. Ni ndugu wa karanga tunazokaanga, na majani yake yanafanana nazo kabisa: vijani vinne vinne vya mviringo. Asili yake ni Brazili, na jina pintoi linatokana na Pinto, mtaalamu wa mimea wa huko aliyeikusanya mwaka 1954. Inatambaa juu ya ardhi na kushusha mizizi kila kifundo kinapogusa udongo, kisha inatoa viua vya njano karibu mwaka mzima kama inapata maji. Mizizi yake ina vinundu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, kama kunde na maharage, kwa hiyo udongo unanenepa badala ya kukonda. Inapenda jua na inavumilia kivuli chepesi, ila kwenye kivuli hutoa majani mengi kuliko maua. Unaweza kuikanyaga mara mojamoja, lakini njia ya kila siku itaiua. Udhaifu wake ni kiangazi. Mwezi wa Januari na Februari, bila maji, inakunja majani na kufifia. Usiing'oe. Mvua za kwanza zikishuka inachipua upya.

Sehemu ya jua kali na mchanga mkavu, ambako hata ukoka unasuasua, ni ya portulaka. Hii ni ndugu wa tako la hasani, yale magugu manene yanayoliwa kama mboga, ila maua yake ni makubwa na yana rangi za kila namna: waridi, chungwa, njano, nyeupe, nyekundu. Hufunguka jua likishapanda, kwenye saa tatu au saa nne, na hujifunga mchana unapoelekea jioni. Kama mnaondoka kazini alfajiri na kurudi magharibi, mtaliona wazi mwishoni mwa wiki tu. Nalisema hili kwa sababu dada mmoja jirani alilipanda mbele ya baraza na akahuzunika sana kabla hajajua sababu. Portulaka huoza ukilimwagilia kila siku. Mara mbili kwa wiki linatosha likishashika, na masika marefu hulipunguza, kwa hiyo hifadhi vipande kwenye kopo chini ya paa ili uanze upya Juni.

Vinka, lile ua la petali tano jeupe au la waridi linaloota lenyewe hata kwenye nyufa za saruji, asili yake ni Madagaska. Halitambai, lakini ukilipanda kwa kubanana linafunga ardhi vizuri, na mbegu zake huanguka na kuota zenyewe. Mbuzi hawaligusi. Kutoka kwenye mmea huu zilipatikana dawa mbili za saratani, vinblastini na vinkristini, na kwa sababu hiyohiyo usikubali mtu akuambie uchemshe majani yake unywe. Dawa za hospitali hupimwa kwa kiasi kidogo mno, lakini chai ya majani haina kipimo, na mmea wenyewe ni sumu.

Kwa ukingo wa ukuta na juu ya mawe ninapenda lantana ya zambarau inayoning'inia, Lantana montevidensis. Inastahimili ukame na vipepeo hawaondoki juu yake. Kwa wanaotaka majani ya rangi kuliko maua kuna tradeskantia ya zambarau, asili yake Mexico. Ukikata kipande na kukiacha juu ya udongo wenye unyevu kitaota chenyewe. Utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu na za mbwa pia, basi vaa glovu unapoikata.

Na tusisahau cha kwetu. Kuna mmea wa pwani ambao Wamijikenda huuita futswe, majani yake huliwa kama mboga, maua yake madogo ni meupe au ya zambarau hafifu. Wataalamu huuita Asystasia gangetica. Wengi tunaung'oa kama gugu. Chini ya mwembe, ambako nilishindwa na karanga mara mbili, futswe ndiyo iliyokubali. Inarefuka ukiiacha, kwa hiyo uikate kila baada ya wiki sita au saba ibaki urefu wa kiganja, na ulivyokata upeleke jikoni.

Wasomaji wa Arusha, Lushoto, Iringa na Nairobi, ninyi mna baridi inayowaruhusu gazania, zile za Afrika Kusini zenye petali za chungwa na mistari, ambazo kwetu joto na unyevunyevu huziozesha. Zipeni jua kamili, kwa sababu siku ya mawingu hazifunguki. Karanga ya mapambo nayo huko inaota, ila kwa mwendo wa polepole, na mahali penye sakitu kama nyanda za Njombe majani yake huungua Juni na Julai.

Mawili ya kukataa

La kwanza ni wedelia, lenye ua la njano kama alizeti ndogo na majani ya kijani yanayong'aa. Wauza miche wanalipenda kwa sababu linaota haraka kuliko yote, na ndiyo hasara yake. Niliwahi kupanda vipande sita kando ya uzio. Katika masika moja lilifunika futswe, likapanda kwenye mche wa mlimau, likavuka chini ya uzio hadi korongoni, na huko nimekuwa nikiling'oa kwa miaka. Kila kipande kinachobaki ardhini ni mmea mpya. Limo kwenye orodha ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi duniani iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN.

La pili pia limo kwenye orodha hiyo: lantana ya kawaida, Lantana camara, yenye maua ya njano na nyekundu kwenye kichala kimoja na shina lenye miiba midogo. Ndege hula matunda yake na kupeleka mbegu mashambani, na mifugo ikila majani huugua. Ukiambiwa "lantana tu", angalia shina na umbo. Ya zambarau hulala chini, hii nyingine husimama na kuwa kichaka.

Kusafisha ardhi

Hapa ndipo bustani inapofaulu au kushindwa, na hapa ndipo watu wanapoharakisha. Adui ni wawili, ukoka na ndago.

Ukoka unaweza kuulima kwa jembe, ukafuata mizizi na kuikusanya, ukarudia baada ya wiki mbili. Ndago ina hila zaidi. Ukiishika juu na kuvuta, jani linakatika na kukuachia kakitu keupe mkononi, ukadhani umemaliza. Chini kabisa, kiasi cha kiganja, kuna kiazi cheusi kidogo kama punje ya njugu mawe, na kutoka kwenye hicho kuna uzi mwembamba kama waya unaokwenda kwenye kiazi kingine, na kingine. Ukilima kwa jembe unaukata uzi, na kila kiazi kinaamka peke yake. Kwa hiyo lowesha ardhi jioni, na asubuhi ingiza uma wa bustani wima, inua bonge zima, livunje kwa mkono na ufuate uzi mpaka mwisho. Weka viazi kwenye ndoo, usivitupe kwenye lundo la mboji. Vianike juani juu ya bati mpaka vikauke kabisa.

Kisha ngoja. Wiki mbili mwagilia ardhi tupu kana kwamba umepanda, ili vilivyobaki viote uvione, uving'oe. Ngoja tena wiki mbili. Najua inauma kumwagilia ardhi isiyo na kitu wakati maji ya bomba ni ya mgawo, lakini ndago ikishaota katikati ya karanga hutaweza kuitoa bila kuing'oa karanga yenyewe. Na usitegemee kutandika karatasi la plastiki peke yake. Ukoka huweza kufa chini yake, lakini ncha ya ndago ni kali kama sindano na hutoboa plastiki nyembamba.

Chini ya mti mkubwa usilime hivyo. Mizizi inayolisha mwembe iko karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo fukua vishimo vidogo kati ya mizizi, kila kimoja ukubwa wa kikombe, ujaze udongo mzuri na upande humo.

Samadi

Kwenye mchanga wetu, debe moja la lita 20 la samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba. Ukilitandaza linatoa tabaka la sentimita 2, na hilo ulichanganye na udongo wa juu kina cha kiganja. Samadi mbichi itaunguza mizizi na kukuletea mbegu za magugu. Ishike mkononi: iliyoiva ni nyeusi, inamumunyika na harufu yake ni ya udongo wa mvua. Ya kuku iwe nusu ya kipimo hicho. Sehemu ya portulaka weka robo tu, kwani ukilinenepesha linatoa majani na kusahau maua.

Hesabu ya miche

Usinunue miche ya kutosha uwanja mzima, ni kutupa pesa. Karanga ya mapambo hupandwa kwa vipande vya shina kama marando ya viazi vitamu. Nunua viriba vitano au sita, uvipande kwenye kitalu chako mwenyewe miezi mitatu kabla, na utakuwa na mbegu tele.

Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande, mita moja ya mraba huchukua vipande 16. Eneo la mita 4 kwa 5 litahitaji 320. Kwa nafasi ya sentimita 20 ni vipande 25 kwa mita, na ardhi itafunga mapema zaidi. Kwenye mteremko napanda kwa 20, kwenye tambarare 25 hadi 30. Kila sentimita unayoongeza ni wiki zaidi za kupalilia, kwa hiyo bana pale unapoweza.

Siku ya kupanda

Kwa uwanja tambarare, panda mvua za masika zikishaanza, katikati ya Machi. Kwa mteremko nashauri tofauti na wengi: panda vuli, Oktoba au mwanzo wa Novemba. Mvua za Aprili Dar es Salaam ni nzito, zinaweza kubeba vipande ambavyo bado havijashika, wakati vilivyopandwa vuli vitakuwa na mizizi ya miezi mitano. Gharama yake ni kumwagilia kiangazi cha Januari na Februari. Kama huna maji miezi hiyo, basi subiri Machi na upande nusu ya chini ya mteremko mwaka huu, nusu ya juu mwaka ujao.

Kata vipande jioni, urefu wa sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne. Vifunge kwenye gunia lililoloweshwa na vilale kivulini. Jioni inayofuata, jua likishapungua makali, chimba kijifereji cha kina cha vidole vitatu, laza kipande kwa kukiinamisha, vifundo viwili viwe chini ya udongo na ncha yenye majani itokeze. Bonyeza kwa nguvu kwa vidole vyote. Ukikivuta kidogo na kikatoka, hukubonyeza vya kutosha, maana kuna hewa kwenye kifundo na hakitatoa mzizi.

Mteremkoni panga mistari ikatize mlima, isishuke nao, na kila mstari uanze katikati ya nafasi ya mstari wa juu yake. Maji yakipita kipande kimoja yanakutana na kingine. Palipo na kasi kubwa, weka kwanza mstari wa vetiva, majani marefu yenye mizizi inayoshika udongo, upande wa juu wa eneo, na chini yake maua.

Katikati ya vipande tandaza matandazo: pumba za mpunga, majani makavu, au makumbi ya nazi yaliyochanwachanwa. Pwani makumbi ni bure na hayabebwi na maji kirahisi. Unene wa vidole viwili, usizibe vichwa vya miche.

Kama una kuku, zungushia matawi ya mchongoma siku hiyohiyo. Usiseme kesho. Kuku huona udongo uliotifuliwa kama sahani iliyoandaliwa, na asubuhi moja inatosha kufukua kazi ya siku nzima.

Maji, na wiki za mwanzo

Wiki tatu za kwanza, keni ya lita 10 kwa mita moja ya mraba, siku moja ndiyo na moja hapana, isipokuwa mvua imenyesha. Eneo la mita 20 za mraba linakunywa lita 200, yaani pipa moja kila mara. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kuamua ukubwa wa eneo. Ukiwa na nusu pipa la kuaminika, panda mita 10. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa, ila yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe uyaweke mbali.

Siku ya nne au ya tano vipande vitaonekana vimekufa. Majani ya chini yananjanika na kuanguka, shina linalala. Wengi hung'oa hapo. Subiri hadi wiki ya pili, halafu inama uangalie kwenye pembe ya kifundo: kijichipukizi cha kijani kibichi ukubwa wa punje ya mchele. Hicho kikitokea, mzizi upo. Wiki ya nne jaza mapengo ya vilivyokufa kweli.

Palilia kwa mkono kila wiki mpaka mimea iguse mingine, kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Jioni za mvua kusanya konokono wakubwa kwa tochi. Usiwashike mikono mitupu, na osha mikono baadaye.

Kuhusu nyoka

Hili ndilo swali la kwanza la kila mama anayekuja kutazama uwanja wangu, na ni swali la haki. Uwanja mtupu wazee waliutunza hivyo kwa sababu nyoka huonekana. Nilichofanya ni kuacha ukanda wa mita moja kuzunguka nyumba yote, changarawe tupu inayofagiliwa kila asubuhi, na njia ya kwenda chooni na bombani vilevile. Maua yanaanzia baada ya hapo, na hayazidi kimo cha kifundo cha mguu. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata pumba na mabaki ya chakula, kwa hiyo banda la kuku na jalala vikae mbali na maua. Rundo la matofali na mbao zilizosahauliwa ni maficho mazuri zaidi kwa nyoka kuliko karanga iliyokatwa.

Kukata

Karanga ya mapambo hukatwa mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa fyekeo au mkasi wa ua, ibaki sentimita 5. Mkato mkubwa uwe kabla ya masika, mwezi wa Machi. Kando ya changarawe zika matofali nusu yawe mpaka, na kila mwezi pitisha panga upande wa nje, maana matawi hupita juu ya tofali. Lantana ya zambarau ikatwe theluthi moja baada ya masika. Vinka hurefuka na kuwa na shina tupu baada ya mwaka mmoja au miwili. Ing'oe ile ya zamani na uache miche iliyojiotea chini yake ichukue nafasi.

Vile ulivyokata Machi ndiyo mbegu. Mita moja ya karanga iliyofunga vizuri hutoa vipande vya kupanda mita kadhaa nyingine, kwa hiyo siku ya kukata waambie majirani wa upande wa juu wa mteremko waje na magunia yao yaliyoloweshwa. Hao ndio wa kuwapa kwanza, kwa sababu maji yanayoshuka kwako yanatoka kwao.